Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
(Hotuba kwa mkutano wa haki na amani, Garsen)



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mto Tana umepokea wageni wengi wenye mipango, wenyeji hawajapona.

Mradi wa umwagiliaji wa Bura, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulikusudiwa kunywesha hekta 6,700. Zilizolimwa hazikufika nusu. Pampu ziliharibika, pamba ikakauka, walowezi wakabaki na madeni. Hapa deltani, mashamba ya mpunga ya TARDA, yaliyojengwa kwa fedha za Japani, yalibomolewa na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998.

Kosa halikuwa uhaba wa fedha. Mipango ilichorwa kana kwamba ardhi hii haina wenyewe. Kumbe Mpokomo hulima kwa kufuata maji ya mafuriko, naye Muorma hushusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi kupitia malka. Ukiziba malka, umemnyima mfugaji maji. Ukiacha mifugo ipite popote, umemnyang'anya mkulima chakula. Mwaka 2012 na 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa. Wanasiasa walichochea, lakini kuni zilikuwa ni ugomvi wa ardhi na maji usioamuliwa.

Sheria imetufungulia mlango. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kushauriana na wakazi. Mpango huo ulizinduliwa 2015. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yasema mkataba wa mwekezaji si halali mpaka uridhiwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Lakini ngao hiyo ni ya jamii iliyosajiliwa. Ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu.

Basi nawasihi: kila parokia na kila msikiti uwaketishe pamoja Wapokomo, Waorma na Wawardei, wanawake na vijana wakiwamo. Wakubaliane malka zipite wapi na mashamba yakomee wapi. Makubaliano hayo yaandikwe, yachorwe kwenye ramani, ndipo ardhi isajiliwe. Mgeni ajaye na mradi atukute tumekwisha kupanga nyumba yetu.