Kusoma Kichina Pamoja na Biashara ya Nchi za Nje
(Mazungumzo ya redio kwa wanafunzi watu wazima)

Mabwana na mabibi mlioko hapa Elerai, nanyi wa Sombetini, Ngarenaro, Usa River na kule juu mlimani Meru, natumaini kazi za leo zimekwisha na watoto wametulia. Chukueni karatasi na kalamu, maana yapo maneno machache ya kuandika.

Siku hizi wazazi wengi wanauliza swali moja. Kijana amemaliza Kidato cha Sita, amepata nafasi chuo kikuu asomee biashara ya nchi za nje, na sasa anasema anataka kujifunza na Kichina. Mzazi anajiuliza, je, hii ni elimu au ni kufuata mkumbo? Wala si swali la bure, maana fedha inayotoka si ndogo. Wako waliouza ng'ombe, na wako waliokata kipande cha kihamba.

Nitalitoa jibu langu mapema, kisha nieleze sababu. Kichina peke yake sikishauri. Biashara peke yake ni elimu nzuri, lakini wanaoisoma ni wengi mno. Vyote viwili pamoja vina faida kubwa kwa sharti moja, nalo ni kwamba kijana asiishie kwenye salamu na nyimbo, bali afike mahali pa kusoma karatasi ya biashara kwa macho yake mwenyewe.

Mambo yetu na Wachina si ya jana. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Juni mwaka ule ule Waziri Mkuu wao, Zhou Enlai, akaja Tanzania. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Lakini sikilizeni jambo hili. Wachina walianza kujifunza lugha yetu kabla hata ya reli. Kiswahili kilianza kufundishwa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na redio yao ikaanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Ndiyo maana mwaka 2011 tuliweza kutazama mchezo wa Doudou na mama wakwe zake katika televisheni, na Mchina anasema Kiswahili kana kwamba amekulia Kariakoo. Basi tukikaa nao mezani kununua au kuuza, mara nyingi mkalimani ni wao. Simsemi vibaya, huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini mkalimani ni wa yule anayemlipa.

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Watu husema Kichina hakiwezekani, nami nasema ni kigumu upande mmoja na chepesi upande mwingine. Wepesi wake ni huu. Kitenzi hakibadiliki. Sisi tunasema nilinunua, ananunua, watanunua, hatukununua. Mchina ana neno moja tu, anaongeza vijineno vya kuonyesha wakati na kukana. Tena jambo linalowashangaza Wazungu halitatushangaza sisi: wao nao wana kitu kama ngeli. Huwezi kusema tu "kitabu kimoja" kwa Kichina. Hapana budi utie neno la kuonyesha ni kitu cha aina gani. Vitabu vina neno lao, vitu bapa kama karatasi na meza vina lao, vitu virefu kama mto au barabara vina lao. Mtoto aliyezoea kutenganisha mti na kiti atafahamu upesi.

Ugumu wa kwanza ni sauti. Neno moja likitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka, au inayopanda, au inayoshuka kisha kupanda, au inayoshuka ghafla, linakuwa maneno manne mbalimbali. Kiswahili hakina jambo hili, lakini hapa Arusha tuna bahati. Kimaasai kina sauti za namna hiyo. Ninyi mlioyanyonya maneno hayo na maziwa ya mama mnajua kwamba jina la mtu anayetenda na la yule anayetendwa huachanishwa kwa kupandisha na kushusha sauti tu. Sikio lenu limekwisha fundishwa, ila hamkuambiwa.

Andikeni neno la kwanza: mai. Ukishusha sauti kisha ukaipandisha, maana yake ni kununua. Ukiishusha ghafla, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, maana yake ni kuuza. Naam, kununua na kuuza ni neno moja, limeachanishwa na sauti tu! Hata katika maandishi, alama ya kuuza ni ile ile ya kununua, ila imewekwa msalaba mdogo juu yake. Mfanyabiashara asiyesikia tofauti hiyo atafika sokoni hajulikani kama amekuja na fedha au na mali.

Neno la pili ni wan. Sisi tunahesabu kwa elfu, kisha tuna laki. Wao wana neno zima kwa ajili ya elfu kumi, nalo ni wan. San wan maana yake si elfu tatu, ni elfu thelathini. Laki yetu moja kwao ni wan kumi. Neno la tatu ni jin. Huo ni mzani wa sokoni kwao, nao ni nusu kilo barabara, gramu 500. Mkulima wetu akitajiwa bei ya jin naye akafikiri ni kilo, ataona bei mbaya na kuondoka, kumbe ilikuwa nzuri. Neno la nne ni zhe, la kupunguza bei. Ukiona dukani wameandika zhe 8, usishangilie kwamba wamepunguza asilimia 80. Maana yake utalipa sehemu nane katika kumi. Kilichopunguzwa ni sehemu mbili tu.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimelichagua somo hili. Andikeni ding jin. Ni fedha ya kutanguliza, ile tunayoiita arubuni. Yako maneno mawili ya ding jin, nayo yanatamkwa sawasawa, hata sauti hazitofautiani. Tofauti iko katika maandishi peke yake. Alama ya kwanza ya ding ina mfano wa paa la nyumba juu yake. Alama ya pili haina paa. Ina kijialama cha maneno ubavuni kushoto.

Katika sheria za China, tofauti hiyo ni kubwa. Ding yenye paa ni fedha ya dhamana. Kwa Sheria ya Madai iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, mnunuzi akivunja mapatano, fedha hiyo ameipoteza; muuzaji akivunja, anairudisha mara mbili. Nayo haiwezi kuzidi asilimia 20 ya thamani ya mapatano. Kinachozidi hapo hakihesabiwi kuwa dhamana. Ding isiyo na paa ni malipo ya kutangulia tu. Biashara isipofanyika, kwa kawaida inarudishwa kama ilivyotolewa, hakuna zaidi.

Tuseme mama mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme hapa mjini anaagiza mali ya dola 10,000. Anatanguliza dola 2,000. Muuzaji anapata mteja mwingine mwenye bei nzuri zaidi, anamwambia mama, samahani, mali imekwisha. Kama karatasi ina paa, mama anadai dola 4,000. Kama haina, anadai dola 2,000 zake tu, na miezi mitatu ya kungoja imekwenda bure. Na kama ni mama aliyebadili nia, mambo yanageuka: penye paa hana cha kudai.

Mtaniambia, "Bwana Elimu, siku hizi simu inatafsiri kila kitu." Inatafsiri, nami naitumia. Lakini simu ikisikia mtu anatamka ding jin, itajichagulia yenyewe moja katika mbili, maana hata sikio la Mchina haliwezi kuzitenganisha. Ni jicho peke yake linaloweza, tena jicho la mtu anayejua kwa nini anaangalia.

Hapo ndipo elimu ya biashara inapoingia. Mtu anaweza kukisoma Kichina vizuri asijue kwamba alama ile ina uzito katika sheria. Vile vile asijue kwamba karatasi ya Kichina isiyo na muhuri wa kampuni, ule mwekundu wa mviringo, ni ya kutiliwa shaka hata kama imetiwa sahihi nzuri. Halafu kuna herufi za wasafirishaji. Bei ikiandikwa FOB Ningbo, muuzaji analeta mali mpaka ndani ya meli katika bandari ile, basi. Nauli ya bahari, bima na hatari zote za njiani ni zako. Ikiandikwa CIF Dar es Salaam, nauli na bima mpaka Dar amelipa yeye. Lakini angalieni sana hapa, hatari ya mali kuharibika baharini inakuwa yako tangu ilipopakiwa melini kule kwao, nawe utadai kwa mwenye bima. Na katika bei zote mbili, ushuru wa forodha na lori la kutoka Dar mpaka Arusha ni juu yako. Wengi hulinganisha bei mbili hizi kana kwamba ni kitu kimoja, wakachukua iliyo ndogo, kisha wakalia bandarini.

Kazi zipo? Hapa kwetu zipo. Novemba 2022 Tanzania na China zilipatana juu ya parachichi zetu kuingia katika soko lao, na parachichi mnazijua, ziko nyuma ya nyumba zenu. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo madogo zilizo na uhusiano nayo, na Tanzania imo. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya shughuli 15 za biashara, zikiwemo kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Kwa hiyo mtalii wa Kichina anayekwenda Ngorongoro anahitaji Mtanzania anayejua lugha yake. Na kule Olmoti, uwanja wa mpira wa mashindano ya AFCON ya 2027, ulioanza kujengwa 2024, umejengwa na kampuni ya Kichina. Katika kazi kama ile hapakosi haja ya mtu wa kusimama kati ya msimamizi na mafundi, tena anayejua hesabu za saruji na nondo.

Sasa tuhesabu muda, maana hapa ndipo vijana wanapojidanganya. Wamarekani wanaowafundisha mabalozi wao lugha wamepanga Kiswahili majuma 36, na Kichina majuma 88, yaani saa zipatazo 2,200 za darasani. Hao ni watu wa Kiingereza, lakini kipimo kinatusaidia. Chukueni chuo kinachotoa saa 4 za Kichina kwa juma, majuma 30 kwa mwaka, miaka mitatu. Ni saa 360. Hizo hazifiki hata moja ya tano! Kijana akiongeza saa moja kila siku peke yake, siku 300 kwa mwaka, anapata 900 nyingine. Jumla 1,260. Hapo anaanza kusoma karatasi, polepole. Kwa hiyo mzazi usiulize tu kama chuo kinafundisha Kichina. Uliza kama mwanao yuko tayari kukaa na daftari kila siku, hata likizo, hata siku ya mpira.

Kipimo kinachojulikana ni mtihani wa HSK. Kwa mpango ulioanza 2010 ulikuwa na ngazi sita: ya kwanza maneno 150, ya nne maneno 1,200, ya sita 5,000. Mwaka 2021 China ilitoa mpango mpya wa ngazi tisa, basi mtu akikuonyesha cheti, angalia ni cha mpango upi. Anayetaka kusoma shahada China kwa Kichina mara nyingi huombwa ngazi ya nne. Mimi ningeona ngazi ya kwanza na ya pili ni za kupokea wageni tu. Haki ya kusema "najua Kichina cha biashara" haianzi kabla ya ya nne.

Mahali pa kujifunzia pako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina Taasisi za Confucius tangu 2013, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005. Ufadhili wa Serikali ya China hutangazwa na Wizara yetu ya Elimu. Fomu za Wizara hakuna wakala wa mtaani anayestahili kulipwa kwa ajili yake. Na kabla ya kulipa ada ya chuo chochote cha nje, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada yake itatambuliwa hapa.

Muda umetutupa mkono. Andikeni hesabu ya nyumbani. Mnunuzi anatoa yuan 6 kwa jin moja ya parachichi, kisha anaomba zhe 9. Je, kilo moja utalipwa yuan ngapi? Kisha chukueni ankara yoyote ya mali iliyotoka China, muulize jirani mwenye duka akuazime, mtafute herufi za FOB au CIF. Juma lijalo, saa hii hii, nitasoma jibu, na tutaanza habari ya benki inayoshika fedha mpaka hati za shehena zionekane. Kwaherini.