MBEGU YA DUKANI NA MSHAHARA WETU
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Leo hatusimami kusema habari za saa za kazi wala za nyumba. Tunataka kusema habari za mahindi. Huenda wengine mtacheka, mkiuliza chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mahindi. Lakini karibu kila mmoja wetu hapa ana shamba nyumbani, na kila mwaka kabla ya mvua za Machi twaletewa neno moja: tumeni pesa za mbegu.

Zamani neno hilo halikuwako. Mama zetu walichagua mahindi mazuri, wakayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu. Mbegu ilikuwa bure.

Mambo yaligeuka Kitale. Mwaka 1961 kituo cha utafiti wa kilimo cha huko kilitoa mbegu iitwayo Kitale Synthetic II, na mwaka 1964 ikatoka haibridi H611, mtoto wa mbegu hiyo na nyingine iliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Ilizaa kama asilimia 40 zaidi. Aliyevuna magunia 10 aliweza kutazamia 14, na magunia 4 ni karo ya mtoto. Wakulima wadogo wa magharibi waliipokea upesi sana, wala hawakuwa wajinga.

Lakini haibridi ina sharti lake. Ukipanda tena punje ulizovuna, nguvu hupungua na mavuno hushuka, kwa hiyo ni lazima kununua kila mwaka. Tena yataka mbolea, na kupandwa mapema mvua inapoanza. Asiye na pesa wakati huo hupanda kwa kuchelewa, na mbegu ile nzuri humlipa kidogo. Ndiyo sababu mashamba mawili yaliyopakana, moja la mwenye mshahara na lingine la mjane, hayafanani, ingawa udongo ni mmoja na mvua ni moja.

Hapo ndipo mahindi yanapoingia katika kazi ya chama. Mbegu imekuwa kitu cha fedha, na fedha hiyo yatoka katika mshahara. Mshahara wa Machi ukicheleweshwa majuma mawili, hasara yake huonekana ghalani mwezi wa Desemba. Tumewaambia wenye kazi hivyo kila tukikaa nao mezani, na bado baadhi yao hudhani ni hadithi.

Na sisi wenyewe tusijitoe lawamani. Mwaka mmoja tulichanga pesa, tukamtuma mtu akanunue mbegu sokoni kwa bei rahisi. Ilikuwa na rangi, kama mbegu ya kweli iliyotiwa dawa, kumbe ni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi tu. Nusu haikuota. Wake zetu walipanda mara ya pili katikati ya Mei, na tulipokwenda likizo wako waliowauliza kwa ukali kwa nini shamba ni baya. Aibu hiyo ni yetu.

Ndugu wa Ukambani, hatukuwasahau. Mbegu ya Katumani, iliyotoka katika kituo kilicho karibu na Machakos, hukomaa mapema kabla mvua haijakatika, na punje zake zaweza kuwekwa na kupandwa tena misimu kadhaa. Msiiache kwa sababu tu haibridi za Kitale zina sifa kubwa. Hizo zilitengenezwa kwa nchi ya juu yenye mvua ndefu.

Kamati imekubali kuwaomba wenye kazi watoe malipo ya mbele mwisho wa Februari kwa kila anayetaka, yakatwe kidogo kidogo hadi Julai. Wanaotaka tununue mbegu pamoja, katika duka lenye kibali, waandikishe majina kwa karani wa tawi kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Januari. Kila mmoja aseme shamba lake liko wapi na ni ekari ngapi. Pakiti zitagawanywa mbele ya watu wote, zikiwa bado zimefungwa.