Usitie "Ka" Mbele ya Mtu wa Mungu

Masomo: Mwanzo 25:29-34, Mathayo 18:10



Leo tuangalie neno moja: kudharau. Hapa Bukavu wengi tunalitamka "kuzarau", na tunafikiri maana yake ni kutukana. Lakini unaweza kumdharau mtu bila tusi hata moja. Kudharau ni kushusha bei ya kitu ambacho Mungu amekipa bei kubwa.

Mtazameni Esau. Hakuutukana uzaliwa wake wa kwanza. Aliona tu kwamba haumfai kitu, kwa sababu njaa ilimshika. Akala dengu, akanywa, akaenda zake kama mtu ambaye hakupoteza kitu. Hapo ndipo Biblia inasema aliudharau.

Sisi tunashusha bei kwa "ka". Mtoto wa jirani ana "kahoma". Mama anayebeba mizigo mpaka soko la Kadutu, kamba kwenye kipaji, tunamwita "kamama". "Ka" yenyewe si dhambi. Mzazi anasema "katoto kangu" kwa upendo. Dhambi iko katika moyo unaoitumia ili usisikilize.

Nami nilianguka hapo. Mama mmoja wa kubeba mizigo alinifuata baada ya ibada, mtoto mgongoni. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia: "Ni kahoma tu, Mama, kataisha." Mama shemasi ndiye aliyemgusa mtoto, akawapeleka kituo cha afya usiku uleule. Ilikuwa malaria kali. Mtoto aliongezwa damu, akapona. Mungu apewe sifa! Lakini mimi, mchungaji, sikuwa nimemtazama hata usoni. Jumapili nilimwomba mama yule msamaha mbele ya kanisa.

Yesu anatuonya tusimdharau hata mmoja wa wadogo hawa. Neno la Kigiriki pale, kataphroneo, limeungwa na "chini" na "kufikiri": kumfikiria mtu kwa kumweka chini. Na sababu Yesu anaitoa: malaika wao wanauona uso wa Baba daima. Wewe unaona kamama; mbinguni anajulikana.

Juma hili, mtu akikuletea shida yake, usiipime kabla hajamaliza kusema. Na kama kuna uliyemshusha, mwendee leo, usingoje Jumapili.

Baba, utusamehe. Utupe masikio kabla ya midomo. Kwa jina la Yesu, Amina.