Mzigo Usiojulikana
(Hotuba ya mwanachama wa reli mbele ya wafanyakazi wa Garissa)



Mimi ni mtu wa reli, na hapa Garissa hakuna reli. Mizigo yenu huvuka daraja la Mto Tana kwa malori. Lakini mzigo ni mzigo, na aubebaye ni mfanyakazi.

Huko Katanga, nchi ya Kongo, upo mgodi uitwao Shinkolobwe. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba hapo mwaka 1921. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi ajabu. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua kwa siri. Yalisafirishwa kwa gari la moshi, kwa meli ya mtoni, kisha kwa gari la moshi tena hadi bandari ya Matadi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka huko. Wenzetu waliochimba na kupakia hawakuambiwa ni kazi ya nini.

Bomu lilikwisha siku ile. Udongo wa Shinkolobwe haujapona. Mwaka 1960 mashimo yalizibwa kwa saruji, lakini baadaye maskini walirudi kuchimba kobalti kwa mikono. Januari 2004 serikali ilipiga marufuku. Julai shimo likaporomoka, wakafa watu wasiopungua 8. Vumbi lile halina harufu wala halionyeshi hatari yake. Radiamu iliyomo hupungua nusu tu kwa miaka 1,600.

Ndugu zangu, mtu wa ofisi ya mbali akitazama ramani ya nchi kavu husema, "Pale hapana mtu." Ndivyo Ufaransa ilivyolipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960. Sisi tunajua kila kisima kina wenyewe, na ngamia hunywa yale yaliyomo.

Mapatano ya Pelindaba, yaliyotiwa sahihi Cairo mwaka 1996, yanakataza kutupa takataka za namna hii katika Afrika. Lakini karatasi haisimamishi lori usiku. Anayeweza kulisimamisha ni yule anayeitwa kushusha.

Basi nawaomba: pipa lisilo na jina, msilishushe. Ulizeni hati ya mzigo. Mkiona alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano, kaeni mbali, mwiteni katibu wa chama. Mmoja akikataa atafukuzwa. Tukikataa wote, watajibu.