Posho Ikichelewa, Akili Huumia



Kila kamanda anajua kwamba kikosi kisichojua lini kitaletewa chakula huanza kuvunjika moyo kabla adui hajaonekana. Njaa hukidhoofisha, lakini kutojua hukidhoofisha zaidi. Ukweli huo unawahusu pia vijana wetu walioko katika vyuo vikuu.

Hapa Kigali, mtaani Remera, ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kigali mwaka 1999. Mwaka 2013 iliunganishwa na taasisi nyingine 6 za umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na baadaye masomo ya afya yakaletwa hapo. Kijana anayefika Remera kutoka Nyamagabe au Nyagatare huja na matumaini ya ukoo mzima. Punde si punde hukabiliwa na kodi ya chumba, nauli na chakula. Kwa miaka mingi posho ya kujikimu ilikuwa faranga 25,000 kwa mwezi, kabla ya kuongezwa. Kwa sheria ya mwaka 2015, mikopo ya wanafunzi ilikabidhiwa Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Hata hivyo, mara kadhaa wanafunzi wamelalamika kwamba posho imechelewa. Fedha kidogo yaweza kupangiwa matumizi. Fedha isiyojulikana siku yake haipangiki, na mwenye nyumba hangoji.

Hapo ndipo maradhi hupata mlango. Kijana hukopa kwa mwenzake, kisha humkwepa. Huacha mlo mmoja, halafu hukosa usingizi. Darasani hasikii analofundishwa. Akishindwa mtihani, huogopa kupoteza ufadhili, na hofu hiyo humnyima usingizi tena. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2013 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ulionyesha kwamba maradhi ya akili huwapata wenye madeni zaidi ya mara 3 kuliko wasio na madeni. Wataalamu hao walikiri kuwa si rahisi kusema kipi hutangulia, deni au maradhi. Lakini kwa vyovyote vile, viwili hivyo vikikutana humwelemea mtu mmoja.

Katika nchi yetu mzigo huo una uzito wa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 20.5 ya watu walikuwa na maradhi ya akili, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ilikuwa asilimia 52.2. Wanafunzi wengi ni watoto wa nyumba hizo. Mtoto anayemwona mzazi wake akibeba majeraha ya zamani hasemi kwamba jana hakula. Wanyarwanda wananena kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Lakini wahenga walituonya pia: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Ndugu askari, wengi wenu ni wazazi. Msimwulize mtoto matokeo ya mtihani peke yake. Mwulizeni amekula nini na analala vipi. Kama mshahara hautoshi, mwambieni ukweli, kwani ahadi isiyotimizwa humwumiza kuliko jibu la hapana.

Nanyi polisi, mkiitwa kwa kijana aliyejifungia chumbani na kusema maisha yamemchosha, mwendeeni kama mgonjwa. Msimkaripie wala msimwache peke yake. Msikilizeni, mwondoleeni vitu vya hatari, kisha mfikisheni hospitali. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua inapingana na katiba. Uamuzi huo unatukumbusha kwamba pingu haziponyi huzuni. Hospitali ya Ndera imekuwa ikitibu maradhi ya akili kwa miaka mingi, na kwenda huko si aibu.

Kwa wakuu wa vyuo na wa fedha tunasema hivi: posho ifike siku yake. Pale isipowezekana, mwanafunzi aambiwe mapema, na aambiwe siku nyingine iliyo ya hakika. Askari aliyepewa habari ya kweli huvumilia, na mwanafunzi atavumilia vivyo hivyo.