Bilioni ni ngapi hasa?

Siku moja nilisoma hewani habari iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, nikataja deni la milioni mbili. Kabla sijatoka studio, simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja: "Bwana mtangazaji, mbona umewafutia watu deni?" Kweli. Mfaransa aliandika miliadi, yaani milioni elfu moja. Sisi tukaona ni milioni tu.

Kiingereza hapo kingesema bilioni, neno lenye vituko vyake. Mwaka 1484 Mfaransa Nicolas Chuquet alilitumia kwa maana ya milioni mara milioni: moja na sifuri 12. Baadaye Wafaransa wengine wakalipunguza hadi sifuri 9, na Wamarekani wakalichukua hivyo. Waingereza waling'ang'ania sifuri 12 hadi mwaka 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipolieleza Bunge kuwa serikali yake itafuata hesabu ya Kimarekani. Wafaransa nao walikwisha kurudi kwenye sifuri 12.

Kwetu bilioni ina sifuri 9. Lakini ukisoma kitabu cha zamani cha Uingereza, au habari ya Kifaransa kutoka Kinshasa, uliza kwanza. Sekunde milioni moja ni siku 11 na ushei. Sekunde bilioni moja ni zaidi ya miaka 31. Pengo hilo likiingia kwenye bajeti, humeza barabara na dawa za hospitali.

Tangu siku ile, mimi huhesabu sifuri kwa kidole kabla ya kufungua mdomo.