Fundi Baada ya Saa za Kazi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi na mwanachama mmoja, mwendesha mashine ya kupasua mbao.)



Nimeombwa niseme juu ya useremala wa mkono, ule wa kufanya nyumbani kwa kujifurahisha. Ndugu mmoja ameniuliza pale mlangoni, "Wewe wapasua mbao mchana kutwa, je, jioni hujatosheka?" Nitamjibu.

Kazini mimi nasukuma ubao kwenye mashine, mwenzangu anaupokea, nao unakwenda zake. Sijui kama utakuwa mlango au sanduku. Mwaka hupita nisione kitu kimoja nilichokianza na kukimaliza. Nyumbani ni namna nyingine. Huko mimi ndimi msimamizi na mimi ndimi mfanyakazi, na kitu kikiharibika namjua mharibifu.

Vyombo vya kuanzia si vingi: msumeno, randa, patasi mbili, nyundo, skwea na jiwe la kunolea. Nunueni kimoja kimoja, hata vikuukuu, maana randa kuukuu ya chuma kizuri yapita mpya ya chuma kibaya. Msikope kwa ajili ya vyombo.

Kwanza ni makali. Wengi huacha kazi hii kwa sababu chombo chao ni butu, nao hudhani mikono yao ndiyo mibaya. Patasi hunolewa kwa mshazari wa digrii 25 hivi, kisha ncha peke yake huongezwa mpaka digrii 30. Noa hata usikie kwa kidole mkwaruzo mdogo upande wa nyuma. Hapo igeuze, uilaze bapa kabisa juu ya jiwe, uuondoe. Chombo butu hutaka nguvu nyingi, na chombo kinachosukumwa kwa nguvu nyingi ndicho huteleza kikakata mtu. Mkono wa pili usikae kamwe mbele ya makali.

Pili ni msumeno. Ule wa kupasua ubao kwa urefu una meno kama patasi ndogo, na ule wa kukata kwa kukingama una meno yaliyochongoka kama visu. Ukikingamisha kwa ule wa kwanza, utachana nyuzi za ubao, halafu utamlaumu aliyekuuzia.

Tatu ni mbao zenyewe. Kigoda changu cha kwanza nilikitengeneza kwa saipresi mbichi. Nilitoboa matundu, nikachonga ndimi, nikatia gundi, na ubao wa kukalia nikaukaza kwa misumari pande zote mbili. Mwezi wa pili miguu ikalegea, na ubao ukapasuka katikati. Nikakipeleka kwa mzee jirani yangu, seremala aliyestaafu, huku nikiilaumu gundi. Akakigeuza, akacheka. "Mwanangu," akasema, "gundi haina kosa. Wewe umejenga kwa maji."

Maana yake ni hii. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu husinyaa kidogo mno. Wangu ulitaka kusinyaa, nami nilikuwa nimeufunga kwa misumari, basi ukapasuka. Pangeni mbao kivulini penye hewa, mtie vijiti kati ya ubao na ubao. Pimeni kipande kimoja kwa mizani kila wiki. Kisipopungua uzito tena, anzeni kazi.

Sasa neno linalotuhusu kama chama. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa wanadamu. Randa yenye makali hutoa maranda, haitoi vumbi jingi. Kwa hiyo nyumbani naweza kuchagua: natumia randa, na nikipiga msasa natoka nje na kufunika pua. Kazini hakuna achaguaye peke yake. Mtu mmoja akimwambia tajiri kwamba mashine yataka chombo cha kufyonza vumbi, ataambiwa mlango uko wazi. Tukisema sote tutasikilizwa. Naomba jambo hili liandikwe katika madai yetu.

Tena mjihadhari. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 ni kwa ajali ipatikanayo katika kazi ya tajiri. Ukijikata nyumbani, fidia hiyo huipati. Utabaki na likizo ya ugonjwa tu. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo hupata si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, naye alete cheti cha daktari. Siku hizo ni chache kwa kidole kilichokatika.

Basi namjibu ndugu yangu. Mchana natosheka na mbao, kweli, lakini sitosheki na kazi. Kigoda cha pili nilikitengeneza kwa mbao kavu, na mama watoto hukikalia kila jioni akipika. Mashine imepasua mbao nyingi mikononi mwangu, wala hakuna hata moja niwezayo kuionyesha nikasema, hii ni yangu. Kigoda kile naweza.

Aje Jumamosi, nitamwazima randa. Patasi anunue yake.